Mhuri Nambari Nne

Wachungaji, wazee, mama zetu, majirani wa Mbumbuni, na nyinyi mliotoka Kwa Vonza na Mwingi kabla jua halijachomoza, familia imemtuma Mulwa Kimanthi, kitindamimba wa nyumba yao, awasomee maisha ya dada yake, Jemimah Mbula Mutunga, tunayemlaza leo Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025. Karatasi ya kwanza iliandikwa na Wavinya, binti wa marehemu, kwa unadhifu wake wa kawaida, na Mulwa aliombwa tu aangalie kama kuna tarehe iliyokosewa, akaangalia, tarehe zote zikawa sawa, lakini kwenye sehemu ya kazi palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba mwaka wa 2019 marehemu aliachishwa kazi kwa kosa lake la upimaji, na mstari huo si kweli. Ndiyo maana sehemu hiyo imeandikwa upya, kwa kalamu, na Mulwa mwenyewe, na ndiyo maana humu ndani anajitaja kwa jina kama vile ni mtu mwingine, kwa kuwa karatasi ya namna hii haina desturi ya kusema mimi, na kwa kuwa bila kujishikiza kwenye jina lake hadhani atafika ukurasa wa mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, katika kijiji cha Kyasioni karibu na Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Kimanthi na marehemu Mama Wayua. Mulwa alizaliwa mwaka wa 1986, dada yake akiwa kidato cha kwanza, na kila likizo alibebwa mgongoni mwa Mbula kwenda mtoni kufukua maji mchangani, hata wapita njia wakidhani ni mwanawe, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Alikuwa mkali kwa vitu na mpole kwa watu, kifuniko kisichokaa sawa kwenye sufuria kilimkera kutwa nzima, lakini aliyekibonyeza kifuniko hicho hakuulizwa lolote.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia 1978 hadi 1985, akawa katika darasa la kwanza kabisa kufanya mtihani mpya wa darasa la nane, kisha akaingia sekondari na mwaka wa 1989 akawa tena katika darasa la kwanza kufanya mtihani mpya wa kidato cha nne, na alipenda kusema kwamba serikali ikitaka kujaribu kitu humtafuta Mbula kwanza. Kati ya 1991 na 1993 alisomea ufundi wa mitambo katika chuo kimoja mjini Machakos, msichana peke yake kati ya wavulana ishirini na saba, na mwalimu aliyemwambia kwamba mashine ya kukereza chuma haipendi marinda alijibiwa kwamba mashine haina macho, ina masikio tu.

Tarehe 7 Februari 1994 aliajiriwa katika karakana ya Githaiga na Wanawe, pale Emali kwenye barabara ya Mombasa, na Mzee Githaiga mwenyewe yuko nasi, ameketi safu ya pili, na tunamshukuru kwa kuja. Karakana hiyo ilitengeneza vitu vidogo vinavyotaka kipimo cha haki, na mashuhuri kati yavyo kilikuwa kikombe cha brasi cha pampu ya kupulizia dawa, kitu cha kutoshea kiganjani, chenye tumbo pana na mdomo mdogo, ambacho hukaa na nguvu yote ya dawa kabla haijatoka kwenye bomba. Ukuta wa kikombe hicho ulitakiwa uwe milimita moja nukta mbili, na kwa sababu ya ule mdomo mdogo hakuna kipimo cha mkono kilichoweza kuingia ndani kuukagua, ndipo mwaka wa 2008 Mzee Githaiga akanunua mashine ya kupima unene kwa mwangwi, akampeleka Mbula Nairobi wiki mbili akajifunze kuitumia, na aliporudi akampa mhuri wa chuma wa kugongea, nambari nne, ili kila kikombe alichokikubali kiwe na nne yake chini ya kitako.

Wengi wenu mlimsikia akiieleza mashine hiyo hata kwenye harusi za watu, kwa hiyo Mulwa atafupisha. Ni kijisanduku chenye waya na kichwa kidogo kama kifungo cha koti, unakibandika kichwa hicho nje ya chuma kwa tone la mafuta mazito, kinatuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti inapita ndani ya chuma, inagonga upande wa pili, inarudi, na mashine inahesabu ilichukua muda gani. Mbula alisema ni sawa na mtu aliyesimama mbele ya mwamba wa Nzambani akapiga kelele na kungoja sauti yake imrudie, lakini akionya kwamba ukiusogelea mwamba mno, sauti inayorudi inachanganyika na ile inayotoka kinywani, huisikii, unasikia tu inaporudi mara ya pili, na hapo utaapa kwamba mwamba uko mbali mara mbili ya ulivyo. Ndivyo na chuma, kikiwa chembamba kupita kiasi mashine hukisoma mara mbili, na chenye nukta sita kinaonekana kina moja nukta mbili, yaani kibovu kabisa ndicho kinachosifiwa.

Kwa sababu hiyo aliweka sheria yake, ambayo haikuwa kwenye kitabu cha mashine wala cha karakana, kwamba kabla ya kupima lazima kikombe kining'inizwe kwenye kidole karibu na sikio na kipigwe kwa ukucha, kizito kinasema ko na kunyamaza, chembamba kinalia ngii kama mbu, na ukutani juu ya meza yake aliandika kwa chaki, Sikia wewe kwanza. Mafuta ya kupimia yalitoka Nairobi na yalikuwa yakiisha ovyo, naye akaleta asali kutoka Kwa Vonza, akitia tone kwa ncha ya kijiti na kuosha kikombe kwa maji moto baadaye, Mzee Githaiga akalalamika kwamba karakana inageuzwa mzinga, mpaka aliposhuhudia kwamba namba ni zile zile, akanyamaza, wakabaki kulalamika sisimizi tu walipofukuzwa mezani.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Mutunga tarehe 14 Desemba 1996, hapa hapa Mbumbuni, na Mungu akawabariki na watoto wawili, Wavinya aliyezaliwa 1998 na Kyalo aliyezaliwa 2002. Mwalimu amesema itajwe kwamba kwa miaka ishirini na minane na miezi kumi hakuwahi kula chapati zisizolingana unene, na imetajwa.

Sasa ni ile sehemu iliyoandikwa kwa kalamu. Mwaka wa 2016 Mbula alimwombea Mulwa kazi karakanani, akamfundisha mashine mwenyewe, akimwita mwanaaitu, mwana wa mama yetu, mbele ya watu wote, jambo lililomtia haya wakati huo na ambalo leo angetoa chochote alisikie tena. Ijumaa tarehe 14 Juni 2019, saa nne asubuhi, simu ilipigwa kwamba Mama Wayua ameanguka kule Kyasioni, na mezani palikuwa na trei moja ya vikombe sitini ambavyo lori lilikuwa livichukue jioni. Mbula alitoa mhuri kwenye mfuko wa aproni, akauweka kiganjani mwa Mulwa, jambo ambalo kanuni ilikataza, na kumwambia, "Sikia wewe kwanza, mwanaaitu, halafu upime, halafu ndio ugonge," akaenda kwa mama yao.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku ya ntheo ya Mulwa, siku ya kupeleka mbuzi kwa wakwe ili uchumba ukubalike, na wazee wetu mnajua anayechelewesha mbuzi wa ntheo anakumbushwa mpaka wajukuu wazaliwe. Saa tisa binamu zake walikuwa nje ya lango na mbuzi ndani ya pikapu, wakipiga honi na kuita, "Bwana harusi, hizi mbuzi zitazalia hapa!" naye akapima kikombe cha kwanza, moja nukta mbili, cha pili, moja nukta mbili, akafurahi, akapima vyote sitini na vyote vikasema moja nukta mbili, wala hakujiuliza ni mkono gani wa binadamu unaotoa vitu sitini visivyopishana hata kidogo. Kisu cha mashine ya kukereza kilikuwa kimesogea tangu asubuhi na kula ukuta wote kwa ndani, na ukucha mmoja tu ungemwambia hivyo. Mulwa hakupiga hata kimoja. Aligonga nne sitini, akafunga meza, akakimbilia mbuzi, na wakwe wakamsifu kwa kufika mapema.

Jumanne tarehe 8 Oktoba mwaka huo, mjini Mwingi, mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Ahmednur alikuwa akipulizia mbuzi wake dawa ya kupe kabla ya kuwapakia, kikombe cha pampu kikapasuka mkononi mwake, na kipande chake kikamtoa jicho la kulia. Mzee Ahmednur pia yuko nasi, pale karibu na mlango wa hema, na binti yake Leyla, wamesafiri kuja kumzika mwanamke wanayeamini ndiye aliyemtoa jicho hilo, na walimsamehe kitambo.

Kile kipande kililetwa Emali tarehe 25 Oktoba, nne ikiwa inaonekana vizuri chini yake, kikawekwa mezani, kikapimwa kwenye mvunjiko kwa kipimo cha mkono, nukta sita, kikabandikwa kichwa cha mashine, moja nukta mbili, na karakana nzima ikaelewa. Mzee Githaiga akauliza, "Hii nne imegongwa na nani?" na Mulwa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale mezani, harusi yake ikiwa imebaki majuma saba, kadi zimeshasambazwa. Mbula alimtazama kwa muda wa mtu kutunga uzi kwenye sindano, si kwa hasira, alimtazama kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupita, na nafasi hiyo ilipobaki wazi akageuka na kusema, "Mhuri ni wangu."

Hakusema uongo. Hakusema yeye ndiye aliyegonga, alisema mhuri ni wake, na kwa maneno hayo matatu akafukuzwa kazi ya miaka ishirini na mitano siku hiyo hiyo, akiomba kitu kimoja tu, aondoke na mhuri ili nambari nne isipewe mtu mwingine, na Mzee Githaiga akakubali. Mulwa alimbebea mkoba mpaka stendi, na njia nzima dada yake alimuuliza habari za viatu vya harusi, kama vimepatikana, kama havimbani.

Alijiambia atasema baada ya harusi. Baada ya harusi akajiambia angoje mwaka mpya, Januari akapewa meza ya Mbula na mhuri nambari tano, akajiambia si vizuri kuanza kazi kwa kelele, kisha mtoto akazaliwa, na kesho ikazaa kesho kutwa mpaka ikafika miaka sita. Aliyefuta maandishi ya chaki ukutani ni yeye, kwa mkono wake, kwa sababu hakuweza kufanya kazi chini yake.

Baada ya hapo marehemu alilima miembe yake hapa Mbumbuni na kutengenezea majirani pampu zao, akipiga kila kikombe kwa ukucha kabla ya kumrudishia mtu, nanyi mkamtania kwamba anabisha hodi na haingii. Kila Oktoba alisafiri kwenda Mwingi na mtungi wa asali kumjulia hali Mzee Ahmednur, na Oktoba ya 2021 Mulwa ndiye aliyemwendesha, akakaribishwa ndani, akapewa chai ya maziwa, na Mzee akamwambia, "Huyu dada yako alikuja mwenyewe, hakutumwa na mtu. Ni mtu wa haki." Mulwa alijibu kwamba ni kweli, akaomba sukari.

Mwezi wa Februari 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda hata ngazi mbili, na tarehe 12 Machi akafanyiwa kipimo cha moyo mjini Wote, Mulwa akiwa naye chumbani kwa sababu Mwalimu alikuwa amekwenda kutafuta dawa. Daktari alipompaka mafuta kifuani na kuweka kile kichwa cha mashine, Mbula alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue, akasema, "Daktari, sisi tulikuwa tunatumia asali," kisha akamuuliza kwa uzito kabisa kama ameiseti mashine asubuhi, na ukuta wa moyo wake ni milimita ngapi, na akaomba apimwe tena mahali pengine pawili. Alipoambiwa kwamba ukuta umekuwa mwembamba na moyo umetanuka, alitikisa kichwa kama fundi aliyekubaliana na fundi mwenzake, na walipotoka nje akamwambia Mulwa, "Nyinyi wote mlikuwa mnaniona mnene." Mulwa alikwenda kusimama nyuma ya jengo la maabara, akalia kama mtoto.

Aliugua mwaka mmoja na miezi minane, akilazwa mara nne. Jumapili tarehe 2 mwezi huu, mchana, Mulwa alifika wodini akiwa ameyapanga maneno yake tangu Emali, akaanza, "Dada, ile siku ya ntheo," naye Mbula akainua mkono uliokuwa na sindano ya maji, akasema, "Usiniambie mimi. Mimi nilijua siku ile ile. Mhuri uko kwa droo ya cherehani. Ukipata nguvu, uchukue." Kisha akaomba ageuziwe mto. Alituaga Jumatano tarehe 5 Novemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mume na watoto wake wakiwa kando yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuambia la kufanya kifo kikiwa cha mwingine. Droo ya cherehani ilifunguliwa Alhamisi, na ndani yake, katika kitambaa cheupe, kulikuwa na mhuri wa chuma nambari nne, na pamoja nao kikombe kimoja cha brasi kutoka kwenye trei ile ya sitini, ambacho aliwahi kukinunua dukani kama mteja yeyote, na Mwalimu anasema alimkuta mara moja amekishika sikioni mchana, akipiga, akisikiliza, akipiga. Kikombe hicho Mulwa anacho hapa mkononi. Anawaomba mnyamaze kidogo, mama watulize watoto, anakipiga kwa ukucha karibu na kipaza sauti.

Mmesikia wenyewe. Hata aliye nyuma kabisa, ambaye hajawahi kuingia karakana, amesikia kwamba kitu hiki ni chembamba, na ndicho Mulwa alichoshindwa kusikia siku aliyokuwa na masikio mawili mazima na maelekezo ya dada yake.

Mzee Ahmednur, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo Mulwa hakuombi pole, anakuomba tu ujue kwamba mwanamke aliyekuletea asali miaka sita hakukosea, na aliyekunywa chai yako ndiye aliyekosea. Mzee Githaiga, mhuri nambari tano uko ndani ya bahasha hii pamoja na barua, na lolote utakaloamua na popote utakapompeleka, ataitika. Mwalimu, mkeo, na Kyalo, mama yako, alibeba jina baya kwa ajili ya mtu aliyekuwa akila mezani kwenu. Wavinya, ule mstari ufute katika kila nakala, na mhuri nambari nne ni wako kuanzia leo, uuweke ukijua kwamba mkono wa mama yako haukuupotosha hata mara moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wote waliovumilia maswali yake kuhusu mashine zao, majirani wa Mbumbuni mliochota maji na kulima shamba lake wakati alipokuwa hawezi, wafanyakazi wenzake wa zamani kutoka Emali mliochimba kaburi hili asubuhi na kupima kingo zake kwa kamba kwa sababu mlijua atakagua, jamaa wa Kwa Vonza, wageni wetu wa Mwingi, na wachungaji wote, Mungu awazidishie.

Hapa karatasi ya Wavinya ilikuwa imeisha, na Mulwa naye hana tena jina la kujificha nyuma yake.

Mbula, mwanaaitu, mhuri ulikuwa wako. Mkono ulikuwa wangu mimi. Pumzika kwa amani.